Pindo Lililopigwa Pasi

1

"Njoo uone maajabu," baba mkubwa aliniambia kabla sijamaliza shikamoo yangu. "Mtungi wetu umeanza kutoa theluji."

Nilikuwa bado mlangoni, kijiti cha kupimia kwapani, jasho likinitiririka mgongoni kwa jua la saa nne. Theluji, Kamachumu! Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Ta Byabato, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, hana mizaha mingi, lakini akipata mmoja huutumia wiki nzima.

Ni mtu ambaye ukimpa kitu akilinde, atakilinda mpaka ujute kumpa. Ukoo ulimkabidhi mtungi miaka kumi na minane iliyopita, na tangu siku hiyo hajalala nje ya nyumba yake hata mara moja. Harusini haendi. Msibani huenda, lakini huondoka kabla ya chakula, na wafiwa walishazoea kumfungia sahani yake. Dirisha la chumba cha mtungi halifungwi, mvua inyeshe au isinyeshe, kwa sababu naitrojeni inayochemka humo ikijaa chumbani humkata mtu pumzi bila kumwarifu. Kwa hiyo baba mkubwa anaishi na mbu wa wilaya nzima, na anawazungumzia kwa wageni kana kwamba ni wapangaji wake.

Ndani ya mtungi mlikuwa na kopo moja la shaba, limezibwa kwa madini ya risasi, na ndani ya kopo machipukizi tisa ya Nshakala, ndizi ya ukoo wetu, kila moja dogo kuliko punje ya ulezi. Mnyauko uliifuta migomba yote ya huku kwetu mimi nikiwa sijazaliwa. Kabla haijaisha kabisa, watu wa maabara walikata ncha za machipukizi ya kila ukoo wakazizamisha kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri, mahali ambapo uhai hauendi mbele wala haurudi nyuma. Serikali ikataka kujenga ghala moja kubwa huko mbali. Wazee wakakataa katakata. Ndizi ya ukoo ilale nyumbani kwa ukoo, walisema, na ndivyo kila ukoo ulivyopata mtungi wake na mlinzi wake, tukisubiri udongo upone. Wataalamu wanasema bado miaka kumi na miwili. Wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mitano sasa.

Nikaingia chumbani. Pindo la koti tunalouvisha mtungi kuzuia joto, pale chini linapokutana na kitako, lilikuwa jeupe pepepe.

"Umeona?" Baba mkubwa alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kifua mbele. "Lile koti la zamani halikuwahi kufanya hivi. Hili jipya lina nguvu mpaka baridi inamwagika nje."

"Inamwagika," nikasema.

"Eee! Nimewaita majirani waje kuona. Mmoja kaja na bibi yake."

Sikuwa na moyo wa kumweleza hapo hapo. Mtungi mzima ukiugusa kwa nje ni wa joto la kawaida, kama kiti au mlango. Ukiiona baridi yake kwa macho, jua kwamba inatoroka. Nikatoa kizibo, nikazamisha kijiti, nikahesabu kumi, nikakitoa na kukipunga hewani mpaka mstari wa barafu ukajichora. Siku ya arobaini baada ya kujazwa, nilitarajia sentimita ishirini. Nikapata saba. Nikafuta kijiti kwa kanga yangu, nikapima tena kwa unyenyekevu mkubwa, nikapata saba.

Nikapiga magoti, nikalipapasa koti. Tumboni lilikuwa laini, likibonyea na kurudi, kama inavyotakiwa. Kwenye pindo na kwenye mishono lilikuwa gumu, jembamba, linang'aa. Nilijua mara moja kilicholipata, na hata pasi yenyewe niliijua.

"Vipi mwanangu? Mbona umenyamaza?"

"Baba mkubwa," nikasema, "hao majirani wengine, naomba usiwaite kwanza."

2

Jina rasmi la kitambaa cha koti lile ni jeli ya polima. Sisi karakanani, tunakoshona makoti hayo, tunaiita ukungu, kwa sababu kipande chake ukikiinua kwenye mwanga kina ubuluu ule hafifu wa asubuhi za mabondeni, na mkononi ni kama hujashika kitu. Huanza kama uji. Kisha umajimaji wake huondolewa taratibu, bila kuuacha mwili usinyae, na kinachobaki ni nyuzi za plastiki nyembamba kupindukia na vijitundu visivyohesabika vyenye hewa. Vijitundu hivyo ni vidogo kiasi kwamba hewa iliyomo haina nafasi ya kutembea, na hewa isiyotembea haibebi joto. Jeli za zamani zilikuwa na sifa hiyo hiyo lakini zilimeguka kama biskuti. Hii inakunjwa, inakatwa kwa mkasi, inashonwa. Mitungi ya kale ilikuwa na kuta mbili zisizo na hewa katikati. Gari likiruka shimo moja tu, na barabara zetu mnazijua, mtungi umekufa. Mtungi wenye koti la ukungu unaweza kubingirika kutoka Kamachumu mpaka ziwani ukafika na baridi yake.

Adui yake ni mmoja. Joto likija pamoja na mgandamizo, vijitundu hujifunga na havifunguki tena milele.

Nilipofika karakanani, Ma Kokwijuka alikuwa anapiga pasi.

Huyu ndiye fundi wetu mkuu, miaka sitini na minane, na ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano nikiwa bado napaliwa na mate yangu mwenyewe. Mafundi wa Muleba na wa Karagwe wote wamepita mikononi mwake. Pasi yake ni ya mkaa, ya mama yake, na hataki kusikia habari ya nyingine. Nguo isiyopigwa pasi, husema, ni tusi kwa mvaaji. Somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi si kushona. Ni kuwasha mkaa na kusubiri majivu yatulie. Alasiri ile alikuwa ananyoosha mikanda miwili ya ukungu, mabaki ya mwisho, awapelekee mafundi wa Muleba kama mfano wa pindo safi.

"Ma," nikasema, "naomba kiganja chako."

"Unataka kunitabiria?"

Sikucheka. Akanitazama usoni, akaiweka pasi kwenye kigae chake. Nilichukua kipande cha ukungu ambacho hakijapigwa pasi nikakilaza kiganjani mwake, juu yake nikaweka kikombe kidogo cha bati chenye naitrojeni. Moshi ukamwagika pembeni. Nikahesabu mpaka thelathini. "Sisikii kitu," akasema. Kisha nikarudia na mkanda alioutoa kwenye pasi muda huo huo. Nilipofika saba akavuta mkono kwa nguvu, kikombe kikaruka sakafuni.

Alikitazama kiganja chake, kisha mkanda. Ma ni mwepesi wa kuelewa, kuliko wahandisi wengi niliowahi kukutana nao.

"Mangapi?" akauliza.

"Yote saba, Ma. Nimezunguka kwa walinzi wote. Kwako pia nimepima, kijana wako alinifungulia."

"Na pindo zote nimepiga mimi."

"Ndiyo."

Akakaa kwenye kigoda. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona imetulia, ilitulia mapajani. "Sasa hawa watu waliotengeneza kitu hiki," akasema polepole, "wana akili zote hizo, wanashindwaje kuandika mstari mmoja? Wangesema tu. Mimi si mtu wa kubishana na maandishi."

Hapo ndipo niliposema uongo.

Waliandika. Karatasi ya maelekezo ilikuja kwa Kiingereza, mistari kumi na mmoja, na kazi ya kuisoma kwa Kiswahili mbele ya mafundi wote ilikuwa yangu. Mstari wa tisa ulisema: usipige pasi, usikandamize kwa joto lolote. Nilipoufikia niliinua macho nikawaona wanafunzi wa Muleba na Karagwe wamejipanga ukutani, na Ma mbele yao, pasi yake ikitoa joto pembeni yake. Nitamwambiaje mwalimu wangu, mbele ya watoto aliowafundisha, kwamba somo lake la kwanza ni kosa? Nikauruka. Nikasoma wa kumi. Nilijiambia nitamwambia faraghani, na kweli baadaye nilimwambia, kwa namna yetu ile ya kuzunguka mbuyu: "Ma, jeli hii nasikia haipendi joto sana." Akajibu, "Hakuna kitambaa kinachopenda joto, mwanangu, lakini vyote hunyooka." Tukacheka wote wawili. Nikaondoka nikiamini kwamba nimemwambia.

Sasa aliniuliza uso kwa uso, na mimi nikasema, "Labda hawakujua kwamba kuna watu wanapiga pasi, Ma."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akawasikitikia watu wasiojua pasi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti wa ushirika wetu, Bwana Muganyizi, alipiga simu Mwanza mbele yetu. Pampu ya kiwanda ilikuwa kwenye matengenezo. Naitrojeni na ukungu mpya vingefika pamoja kwa meli, siku ya kumi na mbili. Mitungi ingekauka siku ya sita. Ma alitaka kukata sehemu nzima za makoti na kuziunga upya, lakini gundi ya viungo huchukua siku kumi kukomaa. Makoti ya zamani yalishakatwa vipande. Kila nyumba Kamachumu sasa ina kifuniko cha birika kinachoweka chai moto mpaka kesho yake, na tulijivunia ubunifu huo.

Kilichobaki ni mtungi mkubwa wa majaribio pale karakanani. Koti lake nilishona mimi, na mishono yake inayumba. Ma alipoliona mara ya kwanza alisema hatalipiga pasi kwa sababu kulipiga pasi ni kulipa heshima lisilostahili. Ndilo koti pekee lililokuwa zima. Tukikusanya naitrojeni ya mitungi yote saba, mpaka tone la mwisho, mtungi ule ungefika siku ya kumi na mbili.

Tatizo ni kwamba ulikuwa na vishikio vya makopo sita. Juu yake ni shingo, ambako baridi haitoshi, na chini hapapiti hata kidole. Kopo lenyewe ukilifungua kupunguza machipukizi, umeyayeyusha yote.

3

Walinzi saba waliitwa kesho yake asubuhi, wakakaa kwenye mabenchi katikati ya cherehani. Kabla hawajafika, Bwana Muganyizi alituvuta pembeni, Ma na mimi.

"Nimefikiri," akasema. "Tuseme jeli ilikuja mbovu. Waliotengeneza wako ng'ambo, hawatatusikia, hawataumia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunapiga kura, mmoja anatoka, maisha yanaendelea."

Ni mtu mwema, Muganyizi. Alikuwa anajaribu kumfunika mama wa watu. Kwa muda mfupi niliupenda uongo wake kwa moyo wangu wote, kwani ungenifunika na mimi.

"Mficha uchi hazai," Ma akasema. "Kule Muleba na Karagwe wana mitungi arobaini inayosubiri makoti. Wanafunzi wangu wameshika pasi sasa hivi tunapoongea. Ukisema jeli ni mbovu, wao watajua nini?"

Muganyizi akakuna shingo.

Basi mkutano ulipoanza, Ma alisimama mwenyewe. Hakulia wala hakupamba. Alieleza pasi inafanya nini kwenye ukungu, akaupitisha mkanda mmoja mgumu na mmoja laini, kila mlinzi akabonyeza kwa kidole gumba. Baba mkubwa alikuwa amekaa karibu yangu. Mkanda mgumu ulipomfikia aliukunja, akaukunjua, akanong'ona, "Kumbe ile theluji." Uso wake ulinyong'onyea kwa aibu. Nadhani aliwakumbuka majirani.

Muganyizi akaeleza habari ya mtungi mkubwa na vishikio sita, kisha akataja kura.

"Kura ya nini?" akadakia mama mmoja, mlinzi wa ukoo wa kule bondeni. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Mimi nimelinda miaka kumi na mitano sikukosea kitu. Wenzangu hawa hawakukosea. Kura inamwangukia yeyote. Kwa nini imwangukie asiyekosa, wakati pasi ina mwenyewe?"

Minong'ono ikazagaa, na wengi walimuunga mkono kwa kutazama sakafu.

"Kasema kweli," Ma akasema. "Pasi ni yangu. Kopo la ukoo wangu litoke."

Yeye ni mlinzi wa ukoo wake, wa tatu mfululizo. Mama yake alilinda, na bibi yake ndiye aliyelia mpaka watu wa maabara wakakubali kukata machipukizi ya mgomba wao wa mwisho wa Entobe. Alisema maneno yale kwa sauti ile ile anayotumia kuomba kikombe cha maji.

Nilihisi bega la baba mkubwa, lililokuwa limebana bega langu, likishuka. Alikuwa ameshusha pumzi. Nshakala yetu imepona. Hakufurahi, maskini, alikuwa akimhurumia Ma kwa dhati, lakini mwili una lugha yake na mimi niliisikia. Bega lile ndilo karibu linifunge mdomo. Nikisema, siutoi ukoo wa Ma hatarini bila kuuingiza wetu. Na atakayelipa si mimi. Mimi napima mitungi kwa kijiti, jioni naenda zangu. Atakayelipa ni mzee huyu asiyejua lolote, aliyekosa harusi za watoto wake mwenyewe kwa miaka kumi na minane.

Je, nina haki ya kuusafisha moyo wangu kwa mali ya mtu mwingine? Nilijiuliza hivyo, na hata leo swali hilo sijalimaliza. Najua tu kwamba Muganyizi alikuwa ameshachukua kalamu aandike jina la ukoo wa Ma, na kwamba nilisimama.

"Karatasi ilisema," nikasema.

"Ilisema nini?" Muganyizi akauliza.

"Ilisema wasipige pasi. Mstari wa tisa. Mimi ndiye niliyesoma, nikauruka." Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikaichukia. "Ma hakujua. Aliniuliza jana kwa nini hawakuandika, nikamdanganya. Niliona aibu kumkosoa mbele ya wanafunzi wake."

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilisikika.

Nilimtazama Ma nikitegemea sijui nini. Shukrani, labda. Ni upumbavu, najua. Alinijia mpaka tukawa uso kwa uso, na macho yake yalikuwa yanawaka.

"Uliniona mimi ni mtu wa kuvunjika kwa maneno mawili?"

"Nilikuheshimu, Ma."

"Hukuniheshimu. Uliniogopa, ukaita woga wako heshima. Ungesema tu: Ma, usipige pasi. Wale watoto wangecheka, ningewapa kofi la mgongo, tungezima mkaa, tungeendelea na kazi. Sasa tazama!" Akaonyesha mabenchi kwa mkono mzima. "Miaka hamsini nashona, nimeshafumua nguo nikashona upya mara ngapi? Fundi hafi kwa kufumua, Kemilembe. Anakufa kwa kudanganywa kwamba kazi yake ni nzuri."

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yao wote. Hakuna aliyenibembeleza, na niliona ni sawa.

Mlinzi wa bondeni alikohoa. "Basi... itakuwaje? Kosa sasa ni la nani?"

Watu wakaanza kuongea kwa pamoja. Mmoja akasema pasi inabaki kuwa pasi. Mwingine akasema aliyesoma ndiye aliyeua. Mwingine akarudi kwenye kura. Muganyizi aligonga meza bila mafanikio. Kisha baba mkubwa akainuka, taratibu, akishikilia cherehani iliyokuwa mbele yake, nao wakanyamaza, maana Ta Byabato huwa hasemi mikutanoni.

"Vishikio ni sita," akasema. "Utoke wetu."

"Byabato, keti," Ma akasema. "Mkono uliopiga pasi ni wangu."

"Na mtoto ni wangu," akajibu baba mkubwa.

Akavaa kofia yake, akatoka. Hakunitazama.

4

Simu za Muleba na Karagwe zilipigwa kabla ya saa sita. Niliomba kupiga mimi. Muleba walikuwa wameshamaliza makoti matatu na bado hawajayavisha mitungi. Karagwe mkaa ulikuwa ndio kwanza unakolea. Makopo sita yalihamishwa mchana ule, na naitrojeni yote ikamiminwa kwenye mtungi wenye mishono yangu mibaya, mtungi wa baba mkubwa ukiwa wa mwisho kumiminwa.

Kopo letu halikuachwa life bure. Machipukizi yaliyogandishwa hayawezi kurudi baridini yakishayeyuka, lakini mara moja moja hukubali kuishi. Mtaalamu wa maabara alifika kutoka Bukoba kabla mtungi wetu haujamiminwa, na chupa tisa ndogo zenye uji wa lishe chini yake. Kazi ile inataka haraka: kopo linatoka mtungini na kuzama moja kwa moja kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi arobaini, wala si zaidi. Ma alikuja na beseni lake, na maji akayajaribu kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, kisha ndipo akamruhusu mtaalamu aweke kipimajoto. Kilisoma arobaini. Dakika mbili tu, na kitu kilichosimama kwa miaka thelathini na nne kikaanza tena kwenda. Mtaalamu akatuambia ukweli wake: akipata matatu katika tisa, siku hiyo hulala na furaha. Haya yalikuwa ya zamani sana. Asingeahidi hata moja.

Baba mkubwa alizipanga chupa mwenyewe kwenye rafu, akamwambia kila mtu asante kwa jina, isipokuwa mimi.

Wiki ya kwanza nilikwenda kila siku. Alinikaribisha kwa adabu zote za mgeni, akaniwekea kiti, akaniuliza habari za njiani. Hilo liliniuma kuliko tusi. Wiki ya pili sikwenda. Ma alinirudisha kazini kwenye meza ya kufumua, nifumue makoti yote saba mshono kwa mshono, na hakusema na mimi zaidi ya lazima, ingawa siku moja nilipojidunga sindano alinitupia kitambaa bila kugeuka. Meli ilikuja siku ya kumi na mbili kama ilivyoahidiwa. Makopo sita yalikutwa salama, na ukungu mpya uliposhonwa, walinzi sita walirudi nyumbani na makoti yaliyokunjamana pindoni, wakiyaonea fahari mikunjo hiyo.

Siku ya ishirini na tatu mtoto wa jirani akaja kuniambia naitwa kwa Ta Byabato.

Nilikimbia njia nzima. Alikuwa amekaa mbele ya rafu, miwani mbili puani, moja juu ya nyingine. Chupa nane zilikuwa na doa la kahawia, lililokufa. Kwenye ya tisa kulikuwa na kitu kidogo kama kichwa cha sindano, cha kijani.

Sikuthubutu kusogea karibu.

"Njoo," akasema. "Hakimng'ati mtu."

Nikachuchumaa karibu na goti lake, tukakitazama pamoja. Sikumbuki kuona rangi nzuri kama ile. Nilitaka kuomba msamaha kwa mara ya mia, nikaona maneno yote niliyokuwa nayo ni mepesi mno.

"Lakini udongo, baba mkubwa," nikasema mwishowe. "Wamesema bado miaka kumi na miwili. Hiki baada ya mwaka kitataka shamba."

"Udongo wa Kamachumu nzima siwezi kuuponya. Wa pipa moja naweza. Nimemuuliza yule mtaalamu. Unautia kwenye pipa, unauchemsha kwa mvuke siku nzima, unauacha upoe, unauchemsha tena. Ukiisha pipa la kwanza, unaanza la pili, maana mizizi haikai mahali pamoja." Akavua miwani ya juu, akaifuta. "Nina miaka sabini na moja, Kemi. Wenzangu wale sita ni wazee kama mimi. Mitungi yao imepona, namshukuru Mungu. Wataikabidhi kwa watoto wao na hawataonja." Akaigusa chupa kwa ncha ya kidole. "Mimi nitakula Nshakala."

Nikaweka kichwa changu kwenye goti lake. Aliuacha mkono wake juu yangu kidogo tu, kisha akauondoa.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Usije ukadhani. Kuchemsha pipa moja la udongo kunataka kuni za mkokoteni mzima, na mimi mgongo hauniruhusu. Shoka liko nyuma ya choo."

Nikainuka, nikajifuta machozi kwa kanga, nikaenda kulichukua.